CD za baba: mimi nilizinakili mara mbili, wewe zinakili mara moja

Marehemu baba alikuwa baharia. Kila bandari meli ilipotia nanga alishuka na visenti vyake, akarudi na CD. Alipostaafu akaja kukaa Tanga alikuwa na kabati zima: 312 kwa hesabu yangu, ukiacha makasha matupu. Taarabu ya Unguja na Mombasa, rumba ya Kinshasa, nyimbo za sinema za Kihindi, Waarabu, na Johnny Cash kumi na moja ambazo mpaka leo hakuna mtu nyumbani anayejua ziliingiaje. Ndani ya kila kijitabu aliandika kwa peni mahali alipoinunua: Dubai, Durban, Antwerp, Marseille.

Mwaka 2009 niliamua kuzitia kwenye kompyuta. Laptop yangu ilikuwa na diski ya gigabaiti 80, nikaona nisijibane. Nikachagua MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, tena si kuchagua, ndivyo programu ilivyokuja imepangwa, na kwa wiki tatu kazi yangu ikawa kuingiza CD na kutoa CD. Zilipofika 140 nikachoka, nikaacha. Baada ya muda nikanunua spika za maana kidogo, nikaweka taarabu ya Ikhwani Safaa, kile chama cha Unguja cha tangu 1905. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ikasikika kama inapigwa ndani ya ndoo ya maji. Nikaenda kabatini, nikatoa CD yenyewe, nikaitia kwenye deki: kanuni ile ile, kavu, kila waya unajitegemea. Nikakaa chini.

Nilipoanza upya mwaka 2021, CD tisa kati ya zile 140 zilikuwa hazisomeki tena. Nyimbo zake nilibaki nazo kwa 128 tu.

Kwa hiyo haya yote ninayokueleza yana shina moja. Nafasi kwenye diski ni rahisi na kila mwaka inazidi kuwa rahisi. Kilicho ghali ni mikono yako: kufuta vumbi, kuingiza, kungoja, kusahihisha majina. Kazi hiyo ifanye mara moja tu, na uihifadhi kwa namna ambayo hutalazimika kurudi kabatini hata ukibadilisha simu mara kumi.

Nini hasa kimo ndani ya CD

CD ya muziki, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, ina kipimo kimoja dunia nzima. Sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kina biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, kama megabaiti 10 kwa dakika. CD ya saa nzima ni megabaiti 635 hivi. Basi. Hakuna kingine kilichojificha mle.

Nalisema hili kwa sababu programu nyingi zitakuuliza kama unataka biti 24 na sampuli 96,000, na mkono utakuwasha uchague namba kubwa. Usichague. Kumimina kikombe cha chai kwenye sufuria la shughuli hakuongezi chai. Acha 44,100 na 16 kama zilivyo.

Sasa una njia mbili. Kuna fomati zinazobana bila kupoteza kitu, na kuna zinazobana kwa kutupa. FLAC ni ya kwanza: inafunga sauti kama unavyofunga nguo kwenye begi, ukiifungua kila uzi upo. Ilitoka mwaka 2001, haina mwenye kuidai ada, na karibu kila kompyuta na simu ya Android inaifungua. CD zangu zimetoka kwa wastani wa megabaiti 330 kila moja, yaani zote nilizofanikiwa kuzisoma zimeingia kwenye gigabaiti 100 na ushee. Mwaka 2009 zingeimaliza laptop yote na bado zingemwagika. Leo zinakaa kwenye kona ya diski ya nje ya terabaiti moja.

FLAC ina ngazi kutoka 0 hadi 8, na hapa watu wengi huteleza, hata mimi. Ngazi hizo hazihusiani na ubora wa sauti hata kidogo. Zinahusu muda ambao kompyuta inajisumbua kutafuta namna ya kubana zaidi. Ngazi 0 na ngazi 8 zikifunguliwa zinatoa sauti ile ile, biti kwa biti. Mimi natumia 8. Ukiwa na mashine ya kizee weka 5, tofauti ya ukubwa ni kidogo mno.

Nilishangazwa na jambo moja dogo. Baadhi ya CD za taarabu za kale za baba zilitoa faili ndogo sana, nikadhani zimekatika. Kumbe ni rekodi za mono: kushoto na kulia ni kitu kile kile. FLAC inaona kwamba njia hizo mbili hazipishani, inaandika moja na kuitia alama kwamba ya pili ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiona faili imekuwa nusu ya wenzake usikimbilie kuinakili upya. Isikilize mpaka mwisho kwanza.

WAV nayo haipotezi kitu, lakini haibani, na jina la mwimbaji na picha ya kava havishikamani nayo vizuri. Sioni sababu ya kuitumia kwa hifadhi. Ukiwa mtu wa iPhone na nyimbo zako unazipitisha kwenye programu ya muziki ya Apple, tumia ALAC. Ni ndugu wa FLAC, haipotezi kitu, na ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine unahama bila hasara. Kaka yangu ana iPhone. Ananunua mwenyewe kesi zake.

MP3 si adui

Nisieleweke kwamba naichukia MP3. Redio ya gari langu haijui FLAC ni mdudu gani. Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo pale mtaani kwetu Ilala niliwahi kumpelekea flashi, akaichomeka, akaniangalia: “Dada, hizi zimekufa. Hazifunguki.” Nikamwambia, “Hazijafa, mdogo wangu, hiyo mashine yako ndiyo haijasoma.” Tukacheka, lakini ukweli ni kwamba nilirudi nyumbani na flashi isiyo na faida.

MP3 inakatakata sauti vipande vidogo na ndani ya kila kipande inatupa kile ambacho sikio, kwa hesabu yake, halitakisikia. Kwenye sauti ndefu, kama fidla inayovutwa au mtu anayeimba, hila hiyo inafanya kazi vizuri. Inapokwama ni kwenye mpigo mkali wa ghafla: kanuni ikidonolewa, vishaba vya rika (kile kidafu kidogo), makofi ya watu ukumbini. Ukiipa biti chache, uchafu unaotokana na kubana unasambaa ndani ya kipande chote, hata kabla ya mpigo wenyewe, na sikio linausikia kama mpigo umetanguliwa na kivuli chake. Ndiyo maana ya ile ndoo ya maji. Na ndiyo maana mtu wa rumba anaweza kukuapia kwamba 128 inatosha, na wewe wa taarabu ukaona wazimu.

Nikaamua nijipime. Programu ya foobar2000 ina kiongezi kinachokuchezea faili mbili bila kukuambia ipi ni ipi, unabashiri, inahesabu. Kwa wimbo mmoja wa kanuni, FLAC dhidi ya MP3 ya 128, nilipatia mara 16 kati ya 16. Nikarudia kwa MP3 iliyobanwa na LAME, programu ya kutengeneza MP3, kwa mpangilio unaoitwa V2: nikapatia 9 kati ya 16, sawa na kurusha shilingi hewani. Nina miaka 53 na nimekaa sana karibu na spika za harusi, masikio yako huenda ni bora. Lakini jaribu kabla ya kubishana.

V2 na V0 ni mipangilio ya LAME inayoacha kiwango cha biti kupanda na kushuka kadiri muziki unavyohitaji. V2 inazunguka kilobiti 190, V0 kama 245. Kwa CD ya saa nzima, 128 ni megabaiti 58, V2 ni kama 85, V0 kama 110, na 320 isiyobadilika ni 144. Mimi kwa gari na kwa simu natumia V2: kabati lote la baba linaingia kwenye kadi ya gigabaiti 32, na kadi ya 64 inabakiwa na nafasi ya picha za wajukuu. Ukitaka moyo utulie weka V0. Ile 320 naiona kama kufunga mlango kwa kufuli mbili zinazotumia funguo moja.

Opus ni fomati nyingine ya kubana kwa kutupa, mpya zaidi, ya mwaka 2012, na kwa kilobiti 128 inanishinda kuitofautisha na CD. Huenda umeitumia bila kujua, maana ujumbe wa sauti wa WhatsApp umebanwa kwa Opus. Tatizo ni redio za magari na spika za bei ndogo, nyingi haziitambui. Kwa simu ni nzuri sana.

Na kama unasikilizia spika ya Bluetooth, jua kwamba Bluetooth yenyewe huibana sauti tena njiani. Kubeba FLAC kwenye simu kwa ajili ya spika ya jikoni ni kubeba maji kwenda mtoni.

Jambo la kushika hapa: unatoka FLAC kwenda MP3, kamwe si kinyume. MP3 ya 128 ukiigeuza kuwa FLAC unapata faili kubwa yenye sauti mbovu ile ile. Kanga iliyochujuka hairudi rangi kwa kukunjwa upya na kutiwa kwenye mfuko wa dukani.

Kunakili kwenyewe

Utahitaji draivu ya CD, ambayo laptop za siku hizi hazina. Nilinunua ya kuchomeka kwa USB Kariakoo, shilingi elfu hamsini na tano. Kwa Windows programu ninayoiamini ni Exact Audio Copy, ya bure. Kwa Mac kuna XLD, kwa Linux kuna whipper. Tofauti ya hizi na programu za kawaida ni kwamba hizi haziiamini draivu. Draivu ikikutana na mkwaruzo hujaziajazia pengo kwa kubahatisha na kuendelea kama hakikutokea kitu. Programu ya kawaida inakubali, hizi zinairudisha isome tena na tena mpaka majibu yafanane, na ikishindikana zinakuandikia ni wimbo gani na dakika gani.

Zina hazina ya pamoja iitwayo AccurateRip: ukimaliza kunakili, namba ya uhakiki ya kila wimbo inalinganishwa na za watu wengine duniani walionakili CD hiyo hiyo. Zikilingana, lala usingizi. Johnny Cash zote kumi na moja zilipita bila neno. Taarabu ndiyo kazi, kwa sababu CD iliyouzwa kwenye duka moja la Mombasa huenda wewe ndiye mtu wa kwanza kuitia kwenye programu hiyo, hakuna wa kulinganishwa naye. Hapo tumia amri inayosoma kila wimbo mara mbili, mara ya kwanza kujaribu na ya pili kunakili. Namba mbili zikifanana, pokea. Zisipofanana, toa CD uisafishe.

Kusafisha: kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa mstari ulionyooka kutoka tunduni kwenda ukingoni. Usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia draivu inaweza kuuruka, unaofuata njia unaiua. Na upande wa kuogopa si ule unaong'aa chini, ni ule wa juu wenye maandishi, kwa sababu tabaka linalobeba muziki liko chini ya rangi tu. Baba alikuwa na tabia ya kubandika vikaratasi vya bei juu. Nilibandua kimoja na kikaja na kipande cha fedha ukubwa wa punje ya mchele. Ukiinua CD ile kwenye dirisha unaona mwanga wa jua unapita. Vingine vyote nimeviacha vilipo.

CD safi inachukua dakika tano hadi nane. Iliyokwaruzika inaweza kula usiku kucha. Niliweka sheria ya CD sita kila jioni, draivu ipumzike, maana ikichemka inaanza kukosea.

Mle kwenye mipangilio utakuta kisanduku cha kusawazisha sauti ili nyimbo zote zilingane. Usikitie tiki. Kinagusa sauti yenyewe, na ukishaigusa hairudi. Kama unakerwa na wimbo mmoja kunong'ona na mwingine kupiga kelele, baadaye tia alama za ReplayGain. Zinakaa pembeni ya wimbo na kukiambia kichezeo kipunguze au kiongeze, bila kubadilisha chochote.

Halafu zipo CD za kuchoma, zile za barabarani. Nyingi zilitengenezwa kutoka kwenye MP3, zikarudishwa kuwa CD, na kasha likachapishwa kwa rangi nzuri. Programu ndogo iitwayo Spek inakuchorea picha ya sauti. MP3 ya 128 mara nyingi inaonyesha ukuta ulionyooka karibu na hezi 16,000, juu yake giza tupu. Rekodi ya zamani halisi nayo inaweza kukosa sauti za juu, ila inafifia polepole kama jua la magharibi, haikatwi kwa rula. Za baba za namna hiyo zilikuwa 22. Nimezinakili FLAC vilevile, maana hicho ndicho kilichopo, nikaandika kwenye maelezo kwamba chanzo ni cha kuchoma.

Majina

Hapa ndipo muda ulipokwenda, na hapa ndipo mashine inapokudanganya kwa uso mkavu. Programu inaitambua CD kwa idadi ya nyimbo na urefu wake. CD ya pop yenye nyimbo kumi na nne haikosei. CD ya taarabu yenye nyimbo nne, kila moja dakika kumi na kitu, inafanana kwa urefu na CD nyingine nyingi. Moja ya baba iliniletea majina ya kwaya ya Kijerumani, na kava yenye picha ya kanisa kwenye theluji.

Hata ikipatia, majina ya Kiswahili huja yamekatwa vibaya, neno moja limekuwa mawili, nga na ng' zimechanganywa. Nikawa naandika mwenyewe kutoka kwenye kijitabu. Chama nakiweka kwenye nafasi ya msanii wa albamu, kwa tahajia moja tu niliyoichagua. Mwanzoni nilikuwa na Ikhwani, Ikhwan na Akhwan, kompyuta ikavitenga vyama vitatu. Mwimbaji wa kila wimbo anakaa kwenye nafasi ya msanii. Na nafasi ya mtunzi, ambayo wengi huiacha tupu, mimi naijaza, kwa sababu katika taarabu aliyetunga shairi mara nyingi siye anayeliimba, na shangazi zangu hawaulizi kaimba nani, wanauliza maneno ya nani.

Shangazi hao nawatumia nyimbo kwa WhatsApp kama hati, si kama sauti, faili ifike kama ilivyotoka.

Vijitabu nimevipiga picha vyote, na ukurasa wenye mwandiko wa baba nikauweka kwenye folda ya albamu. Kwenye faili za gari nilikutana na kero moja ya mwisho: flashi lazima iwe imepangwa kwa mfumo wa FAT32, na lebo za MP3, zile zinazobeba majina ya wimbo na mwimbaji, ziwe za ID3 toleo 2.3, vinginevyo kioo cha redio kinaandika alama za kuuliza.

Nina nakala mbili za FLAC, moja kwangu, moja kwa kaka Tanga. Kila faili ya FLAC imebeba ndani yake namba ya uhakiki ya sauti yake, kwa hiyo kila Ramadhani nikikutana na kaka tunaziendesha kwenye jaribio, na faili iliyooza inajitaja yenyewe. Mpaka sasa imeoza moja, tukaichukua kwenye nakala ya pili.

Zile CD tisa nilizipeleka kwa kaka pia. Stoo yake kuna kompyuta ya mezani ya zamani, ile nzito yenye vumbi la miaka, na draivu yake ilisoma tatu ambazo yangu ilizikataa. Draivu hazifanani, moja inashindwa pale mwenzake anapopita. Sita bado ziko kwenye bahasha, na nikisikia ofisi inatupa mashine za kale huwa naomba draivu kwanza.